Aliyekatazwa Kutia Saini

Wateja walimpa jina la Mama Makochi, naye hakulikataa, maana nusu ya mtaa ilikuwa imekalia kazi ya mikono yake. Karakana aliianzisha kabla hajaolewa. Huko alikata vitambaa, akajaza sponji, na akabishana na watu wanaotaka kochi la kifalme kwa bei ya kigoda.

Mumewe alikuja kwenye ndoa na binti mdogo aliyefiwa na mama. Baadaye wakazaliwa wavulana wawili. Kuzaa si kazi, kazi kulea, na Mama Makochi aliwalea wote watatu kwa ukali uleule na huruma ileile. Wavulana walipokua wakaikimbia misumari, kila mmoja akashika njia yake. Binti akabaki karakana.

Mume alipofariki, wifi mmoja alisema msibani, bila hata kushusha sauti, "Na huyu wa kambo ataondoka na nini?" Binti alisikia, akaendelea kuosha vikombe. Tangu siku hiyo Mama Makochi hakuwa na raha. Alijua kwamba akifumba macho bila wosia, karakana itakwenda kwa wavulana, na binti ambaye si damu yake atatoka na mkasi mkononi.

Basi akatafuta wakili, kijana mpole anayeuliza maswali kama daktari wa watoto. Wakakubaliana: nyumba kwa wavulana, karakana na mashine zake kwa binti. Wakili akamshauri awaambie wavulana mapema, wasije wakagombana juu ya kaburi. Mkubwa alicheka, "Mama, mimi na cherehani wapi na wapi?" Mdogo alinuna mpaka chakula kikapoa, kisha akala.

Binti hakuambiwa. Mama Makochi kwa kugombana na wauza vitambaa hakuwa na mpinzani, lakini maneno ya mapenzi yalimkwama kooni.

Siku ya kutia saini alimwambia tu, "Vaa vizuri, unisindikize mjini." Ofisini walimkuta shahidi mmoja, mwenye duka la jirani. Wa pili hakutokea. Wakili akaanza kupiga simu huku na huku. Binti akavuta kiti, akashika kalamu.

"Msihangaike, mimi si nipo? Nitatia mimi."

"Hapana dada, wewe huwezi," wakili akasema.

Binti akaiweka kalamu taratibu, kama mgeni aliyeambiwa amekalia kiti cha mwenyewe.

"Samahani. Najua haya ni mambo ya familia."

Mama Makochi aliumia moyo.

"Si hivyo," wakili akasema. "Anayerithi hatakiwi kuwa shahidi. Ukitia saini hapa, unaweza kuikosa karakana."

"Karakana gani?"

"Yako!" Sauti ya Mama Makochi ikatoka kwa ukali kuliko alivyotaka. "Unadhani miaka yote hii nilikuwa namfundisha nani kazi?"

Binti alimtazama wakili, akamtazama mama.

"Mimi nilijua umenileta nikushike mkono kwenye ngazi."

"Ngazi nazipanda mwenyewe," Mama Makochi akasema, na machozi yalikuwa yameshamtoka.

Wakili akamwomba mwenye duka watoke pamoja wakamtafute shahidi wa pili, na hawakufanya haraka kurudi.