Breki ya mama imenyamaza

Nimetengeneza breki ya skuta ya mama vizuri mno, hata leo akarudi na vitumbua vyote.

Breki ya nyuma ilikuwa inalia kila kona. Mimi, msomaji wa vitabu vya maelekezo, jana nilifungua gurudumu, nikafuta vumbi na mchanga, nikasugua pedi kwa msasa. Kimya kabisa! Nilijisifu moyoni.

Asubuhi mama akaenda kuzunguka Utende kuuza. Saa mbili yuko nyumbani, ndoo imejaa.

"Watu wamelala?" nikauliza.

"Wako macho! Bi Zuhura kaniuliza mbona leo sikupita. Nimepita mlangoni kwake mara mbili!"

Kumbe miaka yote wateja walikuwa wakisikia ule mlio ndipo wanatoka na sahani.

"Umeniziba mdomo, mwanangu. Haya, panda nyuma. Leo utalia wewe."

Jamani, mimi hata darasani nikiitwa jina nanyoosha kidole tu.

Nyumba ya kwanza, aliyenisikia ni kuku. Ya pili, mtoto akacheka. Ya tatu nikafumba macho, nikapiga ukelele: "VITUMBUAAA!"

Vimeisha vyote.

Watu wa Utende mliosikia, tukikutana naomba tuongelee mambo mengine.