Kupe wa Zizi la Shemeji

Nilikuwa nimezoea kupe. Nimezaliwa kwa wafugaji, na kabla sijajua kusoma nilijua kumbandua kupe kwenye sikio la ng'ombe na kumponda kwa ukucha. Kwa hiyo ofisini tulipotafuta zizi la kukusanyia kupe, ili tuwapime maabara kama wamebeba bakteria wanaowaletea watu magonjwa, nilipendekeza kwa dada yangu, kijijini, upande wa kwenda Mvumi.

Mume wake alitupokea kwa furaha. Tulifika asubuhi, ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni, naye akawashika pembe mmoja mmoja huku mimi na mwenzangu tukiwabandua kupe kwa kibano na kuwatia kwenye vichupa vya spiriti. Tulipochelewa, akaanza kutusaidia kwa vidole.

"Shemeji, vaa glavu," nilimwambia.

"Za nini? Hawa nimekua nao," akacheka, na kunikabidhi kupe mnene mwenye mgongo wa rangi rangi.

Wiki iliyofuata tulikuwa maabara. Tuliwasaga kupe, tukatoa vinasaba, tukaviingiza kwenye mashine. Mistari ilipoanza kupanda kwenye kioo cha kompyuta, ishara kwamba bakteria wapo, mwenzangu alisogeza kiti karibu. Mimi nilifikiri tumechafua sampuli. Nilitarajia kuona mstari mmoja mmoja hapa na pale, siyo mingi namna ile. Nikasema turudie tangu mwanzo, kwa maji mapya na vichupa vipya. Tukarudia. Kichupa cha maji matupu, cha kulinganishia, kilibaki kimya kama inavyotakiwa, lakini kupe wa shemeji walipanda vilevile. Walikuwa na bakteria wa homa ya kupe, ile inayompata binadamu.

Nilikaa kwenye kiti nikatazama vidole vyangu.

Nikampigia dada kumwambia wasiwaguse tena kwa mikono mitupu. Kabla sijalisema hilo, akasema, "Afadhali umepiga. Shemeji yako hajanyanyuka tangu juzi. Kichwa kinamuuma mpaka analia. Wamempima malaria, hana."

Nilitoka na koti la maabara mwilini, na mwenzangu akanikimbilia nje kunivua.

Nilimkuta kwenye kituo cha afya, amejikunja kitandani, macho mekundu, midomo imekauka. Mtu aliyekuwa akimwangusha fahali kwa mikono yake alishindwa kushika kikombe. Nilimweleza daktari tulichokiona kwenye mashine. Daktari alinisikiliza, kisha akamfunua shuka na kumkagua mwili mzima. Kwenye kinena alikuta tezi zimevimba, na chini kidogo, ndani ya paja, kidonda kidogo cheusi, kama mtu amechomwa na kichwa cha sigara.

"Hapa ndipo kupe alipouma. Kidonda kimeanza lini?" daktari akauliza.

"Nilijua ni jipu," shemeji akasema kwa sauti ya chini. "Nikaona aibu kulionyesha."

Akaandikiwa antibiotiki, vidonge vya kawaida kabisa. Keshokutwa yake homa ilikuwa imeshuka na alikuwa anadai ugali. Hilo nalo lilinishangaza: mtu mzima alazwe na kidudu kidogo vile, kisha anyanyuliwe na vidonge vidogo vile.

Nilidhani dada atafurahi. Alifurahi, alimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akanivuta nje, tukasimama ukutani juani.

"Mdogo wangu, homa hiyo inaua?"

"Mara chache. Mtu akiwa dhaifu, au akichelewa."

"Na mama, je?"

Sikumwelewa mara moja. Mama yetu alikufa kwa homa, nikiwa bado shule. Tuliambiwa ni malaria sugu. Alikunywa dawa, ikashindwa, akabadilishiwa, ikashindwa. Alikuwa anakamua yeye mwenyewe kila asubuhi, na kupe akiwaponda kwa kucha, halafu anafuta mkono kwenye khanga na kuendelea kukamua. Nilikuwa nimesimama pembeni yake siku zote zile, na katika miaka yangu yote ya maabara wazo hilo halikuwahi kunipitia kichwani. Lilinipiga pale ukutani, nikachuchumaa.

"Sijui," nilimwambia. "Dada, hakuna atakayejua tena."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana."

Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyemletea msiba upya. Kisha akaingia ndani kumlisha mumewe.

Siku hizi shemeji anapeleka ng'ombe josho kuogeshwa dawa ya kupe bila kukosa, na amewaburuta majirani pamoja naye. Dada hajaitaja tena habari ya mama. Mimi naendelea kupima kupe, wengine kutoka Chamwino, wengine mbali zaidi, na kila mashine inapoanza kupandisha mistari, mwili wangu bado unasisimka.