Pinda Kushoto Kwa Fundi

Mhadhiri alikuwa amesomea ng'ambo, katika mji wa kale wenye vyuo vya mawe. Huko alikodi kijiredio cha kaseti, akaweka visikizi masikioni, akautembea mji peke yake huku sauti ikimwelekeza: simama hapa, tazama lile lango. Mwaka wa 2007 alitaka Nakuru nayo ipate kaseti yake, kwa wageni na wanafunzi wapya. Alinitafuta mimi kwa sababu naujua mji. Nilisoma hadi kidato cha nne, mengine nikafundishwa na miguu. Nimechimba mawe meupe Kariandusi, nimeosha sahani za madereva Salgaa, na kila nikirudi Nakuru nauzunguka mji kwanza, hata kabla ya kula, nione ni nini kimeondoka.

Tulirekodi kwa sauti yangu. Tulibishana juu ya majina ya barabara. Yeye alikuwa na ramani. Lakini nani Nakuru huelekezwa kwa jina la barabara? Unaambiwa nenda mpaka kwa mama wa chapati, uvuke. Kwetu ukitanguliza "kwa", mtu anakuwa mahali. Mhadhiri alicheka, akakubali. Basi kituo cha saba kikasema: "Fuata varanda za maduka hadi usikie cherehani. Hapo ni kwa fundi. Pinda kushoto."

Fundi alishonea kwenye varanda hiyo, mbele ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, tangu nikiwa mtoto. Kaptura zangu za shule alizishona yeye. Nilipompelekea kaseti, alisimamisha cherehani, akavaa visikizi juu ya kofia.

"Ati kwa fundi!" alipiga kelele, kama wafanyavyo watu walioziba masikio. "Kumbe mimi ni stesheni!"

"Stesheni yenyewe haina wateja kama wewe."

"Na wewe msafiri, hiyo suruali imetembea kukushinda. Ilete niitie kiraka kabla haijaniaibisha."

Kisha ikaja Januari, na ghasia za baada ya uchaguzi. Nyumba yake ilichomwa. Alilala wiki kadhaa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho, halafu akapakiwa kwenye lori pamoja na wanawe. Sitataja kabila lake. Najua kuna msomaji aliyeanza kulitafuta tangu mstari wa kwanza, na huyo ndiye ninayemkasirikia. Watu walisema amerudi kwao. Kwao! Alizaliwa papa hapa. Huko alikopelekwa hakuwa na hata mtu wa kumwonyesha choo kilipo.

Mwezi wa Mei mhadhiri akaniita. Ukuta wa ile varanda ulikuwa umepakwa rangi ya kijani.

"Mzee, tubadilishe maneno machache tu. Tuseme, hadi kwenye ukuta wa kijani. Mgeni asipotee."

"Na apotee."

"Haya ni maelekezo, mzee. Si siasa."

"Kama si siasa, dakta, unaogopa nini mtu akiuliza fundi yuko wapi?"

Akakaa akichezea waya wa maikrofoni.

Nilimpigia fundi simu, nikamweleza. Nilitarajia mzaha. Hakufanya mzaha.

"Usikubali," alisema. "Mwenye duka amenihifadhia cherehani. Nataka kurudi. Waache hao wageni waje wanikose. Wakinikosa, watauliza. Maadamu kuna mtu anauliza, hapo bado ni kwangu."

Nikakataa kurekodi. Nilimwambia mhadhiri maneno mengi, na sijuti hata moja, isipokuwa lile nililosema juu ya mama yake.

Alitafuta sauti nyingine. Mwezi wa Agosti niliazima kaseti mpya nikaisikiliza nikitembea. Ni mimi, ni mimi, ni mimi, hadi kwenye varanda. Halafu kitu kikakatika, na msichana mwenye sauti tamu akasema, "hadi kwenye ukuta wa kijani." Kisha ni mimi tena, mchangamfu kama mjinga, nawaambia watu wapinde kushoto. Walikuwa wameyatoa maneno kinywani mwangu, wakauacha mdomo wangu ukiendelea kusema.

Nilisimama palepale mbele ya ukuta. Mwanafunzi mmoja akaja, visikizi masikioni. Nikamshika mkono.

"Boss, hapa ni kwa fundi."

Akatoa kisikizi kimoja. "Fundi gani? Mbona sioni mtu?"

"Ndiyo nakuambia! Hayupo. Niulize kwa nini hayupo."

Akakitazama kijiredio kwa wasiwasi, kwa sababu kaseti ilikuwa inamwacha. "Samahani mzee, nimechelewa," akasema, akaenda zake.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikaanza kuwauliza wapita njia, kwa sauti ya mtu anayeuza mitumba: "Fundi yuko wapi? Mlimpeleka wapi fundi?" Wengi waliinamisha macho. Mmoja akasema nimelewa. Sikuwa nimelewa.

Mama mmoja mwenye kikapu akasimama.

"Kwani hajarudi?" aliuliza. "Ana rinda langu tangu Krismasi."

Miezi minane! Nilitaka kumfokea yeye pia, kwa kuchelewa kuuliza. Badala yake nikampigia fundi, nikamwekea mama simu sikioni.

"Fundi!" alifoka, hadi mwenye duka akatoka nje. "Rinda langu liko wapi? Na wewe unakuja lini?"