Mahali pa Mama pa Kukaa

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka ishirini na miwili, baba yangu alikufa na shida zote za boma letu la Gesima zikaniangukia. Nilisoma hadi darasa la pili. Mengine nilifundishwa na jembe, na sijutii.

Tulimzika kando ya nyumba. Hakukuwa na saruji wala msalaba, udongo tu. Kila asubuhi mama aliweka kigoda chake pale akampa baba habari: ng'ombe amezaa, mvua imechelewa, huyu kijana wako hasikii.

Nikamwambia, "Matanga yaliisha, mama. Watu watasema umerukwa na akili."

"Waseme. Wewe ndiye unayewasikiliza."

Nilimnunulia blanketi na sukari, nikamjengea nyumba ya mabati. Niliona nimemtunza, tena kuliko wengi.

Mwaka wa 1969 nikapata miche ya chai. Mama alikuwa ameenda sokoni siku afisa wa kilimo, mtu wa Pwani, alipokuja kupima mistari kwa kamba. Akakiona kigoda.

"Hapa umepaacha bila kulima kwa nini?"

Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea kazi. Na kwa lugha yetu mama huitwa baba, basi ulimi ukateleza: "Baba anakaa hapo kila asubuhi."

Akacheka. "Mwambie mzee ahamishe kiti, bwana! Chai haingoji wazee."

Sikumsahihisha. Niliogopa kuchekwa tena, na nilitaka mistari yangu inyooke. Neno kaburi nililijua vizuri. Sikulitamka. Mistari miwili ikapita juu ya baba.

Mama aliporudi alikiokota kigoda kwenye majani.

"Sasa nitakaa wapi?"

"Ndani, mama. Si nimekujengea mabati?"

"Mabati hayo yanamjua baba yako?"

Nikamfokea asikanyage miche. Hakuikanyaga. Tangu siku hiyo hakumpa baba habari tena, wala mimi hakunipa. Ugali aliuacha, uji akaunywa kidogo. Majirani walipouliza, nilijibu ni uzee. Haukuwa uzee. Aliishi hivyo miaka mitano, kisha tukamzika.

Leo nina ekari tatu za chai, ng'ombe wanne wa maziwa wa gredi, nyumba ya mawe, tangi la maji na mashine ya kusaga. Kigoda kimoja. Na mistari miwili ya chai ambayo sijaichuma tangu mama afe. Imekuwa miti.