Mkuki Kizingitini

Wiki jana binti yangu alinisomea swali la fasihi: taja vitu vinavyowakilisha ustaarabu katika riwaya, na vinavyowakilisha ushenzi. Nilikuwa nachambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Mikono ikasimama yenyewe. Kaa kidogo, rafiki yangu, nikueleze kwa nini.

Miaka ya tisini nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana huko Homa Bay. Tulisoma riwaya moja ya zamani ya Kizungu, nakala moja kwa wasichana wanne, kuhusu wasafiri waliopotelea msituni, mbali na serikali. Mwalimu wetu, kijana Mkuria kutoka upande wa Isebania, aligawa ubao kwa mstari. Upande wa ustaarabu akaandika saa, viatu, kengele. Upande wa ushenzi akaandika mkuki, ngozi, miguu mitupu.

Nikainua mkono. "Mwalimu, nyanya yangu ana mkuki nyumbani, na havai viatu. Nimweke upande gani?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Andika kitakachokupitisha mtihani," akasema. Nikaandika, lakini moyoni nilikataa.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa nyanya, karibu na Kendu Bay. Nilichota maji ziwani, nikaanika omena, nikasonga ugali wa mtama, ule mweusi unaonukia moshi wa kuni. Mkuki wa marehemu babu ulikaa nyuma ya mlango, na kila nilipofagia niliuzunguka kwa heshima, kama nilivyofundishwa: mkuki wa marehemu haurukwi.

Alasiri moja tulikuwa uani tukipepeta mtama tuliposikia kelele. Mwanamume tusiyemjua alikuja mbio, shati limechanika, damu inamtoka sikioni, akatupita akajitupa ndani ya nyumba. Nyuma yake likaja kundi la wanaume waliokuwa harusini kwa jirani: suruali zimepigwa pasi, tai shingoni, viatu vinang'aa. Mikononi walishika mawe. Aliyetangulia alikuwa seremala, yule yule aliyenitengenezea sanduku langu la shule.

"Ameiba wavu, mama," akasema. "Tupishe."

Nyanya aliweka ungo wake chini. Aliingia, akatoka na mkuki. Nilidhani atamchoma mtu. Badala yake aliulaza chini, kizingitini, kisha akaketi kando yake, akainyoosha miguu yake yenye nyufa.

"Huu ni wa mume wangu, nanyi mlimjua," akasema taratibu. "Anayetaka kuingia auruke."

Hakuna aliyeuruka. Walisimama pale, jasho likilowesha kola zao, hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake. Seremala aliangusha jiwe lake kwanza. Wengine wakafuata, wakaondoka mmoja mmoja, nami nikatumwa kumwita naibu wa chifu. Wavu ule mtu yule alikuwa ameuiba kweli. Aliurudisha, akafungwa, lakini alifungwa akiwa hai.

Shule zilipofunguliwa niliandika insha kurasa sita. Niliandika kwamba siku ile sheria ililala chini kizingitini, na ushenzi ulikuja umevaa tai. Mwalimu alikaa na daftari langu siku tatu. Aliponirudishia hakuwa ameweka alama yoyote.

"Baba yangu pia ana mkuki," akaniambia polepole. "Lakini mtihani utasahihishwa na mtu asiyemjua nyanya yako. Kwa hivyo mweleze vizuri. Andika tena."

Niliandika tena, mara nne, mpaka sentensi zikasimama. Na mtihani wa mwisho ulipokuja na swali lile lile, sikutafuta pa kujificha. Nilijibu hivyo hivyo, nikapita.

Nyanya alifariki. Nyumba ile ikaanguka, na wajomba wakajenga ya mawe yenye geti la chuma na kufuli kubwa kama ngumi. Ni nyumba nzuri, na nyuma ya mlango hamna mkuki. Ila nikienda huko siku hizi, hujikuta nikijiuliza: leo mtu akija mbio anavuja damu, tutalaza nini mlangoni ambacho watu wataogopa kukiruka?