Mwaka Mama Alipopoteza Sauti

Harufu ya sabuni ya dawa ilijaa bafuni kwetu Fridley, kali kama spiriti, hata mvuke wa maji moto ukawasha macho. Hospitali ilimwagiza mama aoge nayo kabla ya upasuaji, na mimi, mwanawe wa pekee mwenye miaka kumi, ndiye niliyemsugua mgongo. Tezi ya shingo ilimwanza kama punje ya karanga tukiwa bado katika kambi ya wakimbizi, kabla ya kuhamishiwa ughaibuni. Majira yale ya theluji ilikuwa imefikia ukubwa wa ngumi, na kumeza tonge la ugali kukawa kazi. Lakini aliimba. Katika kanisa letu la Wakongo, kwaya haikuanza mpaka yeye aanzishe. Asubuhi ile aliimba huku maji yakimtiririka, na jirani wa juu akagonga sakafu kama kawaida yake. Mama akacheka, akaongeza sauti.

Daktari alikuwa ametuonya mapema, kupitia mkalimani wa simu, mwanamke wa Kitanzania mwenye upole. “Mama, daktari anasema neva ya sauti inapita karibu sana na tezi. Mara chache huumia. Umeelewa?”

“Nimeelewa. Na nikiacha?”

“Itakuziba pumzi.”

Mama alinitazama, kisha akamtazama baba. “Basi waikate. Heri nusu shari kuliko shari kamili.” Mkalimani akairudia polepole kwa Kiswahili, pengine akitafuta Kiingereza cha methali hiyo.

Wauguzi walipomsukuma akiwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji, alinivulia hereni zake, akasema, “Usilie. Nikitoka tutatwanga majani ya muhogo, tupike sombe.” Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake. Alipozinduka alifungua kinywa, ikatoka hewa tupu. Tukaambiwa tusubiri, huenda neva ikapona. Tulisubiri hadi theluji ikayeyuka, hadi kidonda kikabaki mstari mwembamba shingoni. Uzima ulirudi, sauti haikurudi, ukabaki mnong'ono tu. Jumapili aliyorejea kanisani alisimama mahali pake pa siku zote, mwanamke mwingine akaanzisha wimbo, na mama akachezesha midomo. Jumapili iliyofuata alikaa nasi kwenye viti vya nyuma.

Nyumbani alizoea kuniita kwa kugonga kifuniko cha sufuria kwa kijiko, nami nikazoea kutosikia. Siku moja ya kiangazi nilikuwa nje ya jengo na wenzangu wa shule. Mama akaja mlangoni na sahani ya maandazi, akanong'ona jina langu mara tatu. Nilisikia zote tatu. Msichana mmoja akauliza yule ni nani, mbona anaongea vile. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba ni mtu tu anayeishi nasi. Nilidhani mama haelewi. Lakini alikuwa ameanza darasa la lugha, na maneno mepesi kama yale alikwishayajua. Aliiweka sahani kwenye ngazi, polepole, akaingia ndani. Jioni alinipakulia chakula kama siku zote. Hakunigombeza, wala hakumwambia baba.

Leo ninaishi Inver Grove Heights, mji usio mbali na Fridley, na mama anaishi nami. Hatuna hata kanda moja ya sauti yake. Simu zetu za wakati ule zilikuwa za kupigia tu. Binti yangu wa miaka mitatu hajui kwamba bibi yake aliwahi kuimba. Bibi akimwita, huacha michezo yake, akampanda mapajani, akatega sikio hadi liguse midomo. Hakuna aliyemfundisha. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na yangu nimeyazaa mwenyewe. Majuzi, tukiosha vyombo, nilimwomba mama msamaha kwa siku ile ya maandazi. Alinitazama, akanong'ona kitu. Maji yalikuwa yakimwagika kwenye sinki, na safari hii kweli sikusikia. Nikaona haya kumwambia arudie.