Cheti cha Hisa Zangu Kimerithiwa Nikiwa Hai

Admin, ficha jina langu, ukoo wetu una macho mengi humu. Nina miaka 36, nimeolewa, naishi Bilele hapa Bukoba na nauza vitenge sokoni. Kwa biashara hiyo nilinunua hisa katika kampuni ndogo ya kukoboa kahawa kule Muleba. Cheti kilitoka kwa jina langu. Chumba tulichopanga kilikuwa kinavuja, nikampa baba anitunzie kwenye sanduku lake kijijini.

Baba akafariki. Siku ya kuondoa matanga, kaka yangu akasimikwa kuwa musika, yaani mrithi mkuu. Akakabidhiwa mkuki wa baba, kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na sanduku na vyote vilivyomo. Cheti changu kikarithiwa mimi nikiwa jikoni namenya ndizi za wageni. Nilipokidai, baba mdogo akanijibu, "Kilichokutwa kwenye sanduku la marehemu ni cha musika. Binti hadai." Yaani mali yangu inarithiwa, nani aliwaambia nimekufa?

Juzi kaka kanifuata sokoni, meno yote nje. Kumbe alitaka kuziuza hisa zangu, kampuni ikamkatalia. Wamemwambia kushika cheti si kumiliki, kwenye rejesta ya wanahisa jina ni langu.

"Dada, weka sahihi tu kwenye hii fomu ya kuhamisha hisa, mambo yaishe."

Nilimfukuza mbele ya wateja.

Nikaenda Muleba. Katibu wa kampuni akasema niape kwamba cheti kimepotea, nitolewe kingine. Lakini hakijapotea! Mimi ni Mlutheri, naimba kwaya, nitaapaje uongo ili kumsitiri mtu aliyeninyang'anya? Akasema basi niripoti polisi, niwaambie ukweli kilipo na nani anakishikilia.

Jana nikamweleza mama kwamba naenda polisi. Akasema, "Mwanangu, usimwonee kaka yako. Baba yako alipozidiwa alikitoa, akaniambia nikupe. Mimi ndiye niliyekirudisha sandukuni. Wewe umeolewa, mali ingekwenda kwa watu."

Kwa watu. Mimi niliyemuuguza baba mpaka mwisho, leo ni watu.

Nishaurini, ndugu zangu. Polisi wakiniuliza nani alikizuia cheti kisinifikie, nimtaje mama yangu mzazi?